Nebraska ya Farsta

Jumamosi moja ya Mei, mwaka 2003, Dancille alitoka kwake Farsta, kitongoji cha Stockholm, akapita nyuma ya maduka makubwa, amebeba miche ya mahindi ndani ya boksi la ndizi. Miche ile alikuwa ameikuza dirishani jikoni tangu theluji ikiwa bado imelala nje, kwenye vikopo vya mtindi, na binti yake Tania alikuwa amelalamika mwezi mzima kwamba hakuna mahali pa kuweka kikombe. Kulikuwa na manyunyu ya baridi yaliyochanganyika na chembe za barafu. Alipofika kwenye bustani yake alikuta gari la maksai limesimama katikati ya matuta, maksai wawili wanatafuna mabua ya mwaka jana, na mwanamume mwenye kofia pana anauchimba udongo kwa kisigino kuona una rutuba kiasi gani.

Bustani zile ni mali ya manispaa, na zinaendeshwa na chama. Kila mwanachama ana kiwanja chake cha kulima, na chama kina halmashauri ambayo wote huiita styrelsen, hata wale ambao Kiswidi chao kinaishia hapo. Dancille alikuwa amekaa kwenye foleni miaka mingi kabla ya kupata kiwanja. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa akiinua miili ya watu tangu asubuhi hadi jioni. Hapa aliinua jembe, na mgongo ule ule uliomuuma kule, hapa ulinyamaza. Katika nchi nzima ya Uswidi hakuwa na kitu kingine ambacho angeweza kukiita chake bila kushusha sauti.

"Habari za asubuhi," alisema yule mwanamume, akivua kofia. "Hapa ndipo Nebraska?"

"Hapa ni Farsta," alijibu Dancille.

"Basi tumefika," mwanamume alimwambia mke wake, na mke akaanza kuteremsha masufuria.

Jina lake lilikuwa Anders-Magnus. Alikuwa ameondoka Dalsland, mkoa wa magharibi mwa Uswidi, mwaka 1872 pamoja na mkewe Brita-Lena na watoto wao watatu, kwa sababu kwao ardhi ilikuwa mawe matupu na mwenye ardhi alikuwa mkali, na mtu alikuwa amewaambia kwamba huko magharibi, Marekani, kuna ardhi isiyo na mwenyewe, na anayeilima anapewa. Walikuwa wamepitia Jordbro. Kule kwenye maghala madereva wa malori waliwapigia honi, kwa kuwa maksai wanatembea polepole na watu walikuwa wanachelewa kushusha mizigo. Mtoto wao wa mwisho, wa kike, alikuwa na kikohozi kibaya.

Kikohozi hicho ndicho kilichomlainisha Dancille. Yeye mwenyewe, mwaka 1972, alitolewa Rumonge, Burundi, akiwa mtoto, baba ameuawa, mama anakimbia na wadogo zake mgongoni na kifuani, na walipofika upande wa Kigoma kulikuwa na mtu aliyewaonyesha kona ya shamba lake akasema kaeni hapo kwanza. Hakuwauliza makaratasi. Kwa hiyo Dancille aliwaonyesha wageni wale kona chini ya mti wa tufaha. Akamwambia Anders-Magnus kwamba kona ile wataitumia mwaka ule, na mengine yatazungumzwa.

Kesho yake, Jumapili baada ya kanisa, Anders-Magnus alimletea mtungi wa pombe nyepesi ya shayiri waliyoipika wenyewe. Aliukabidhi kwa mikono miwili.

Hapa ndipo Dancille alipokosea, na kosa lenyewe lisingeweza kufanywa na mtu mwingine yeyote katika chama kile. Kwao Burundi, mtu asiye na ardhi akitaka kuazimwa shamba, humletea pombe mwenye shamba. Mwenye shamba akinywa mbele ya watu, mambo yamekwisha: aliyeleta pombe amekiri kwamba ardhi si yake, na aliyekunywa amekubali kumbeba. Mtu huyo wanamwita mgererwa. Baba yake Dancille alikuwa na wagererwa wawili, na kila mwaka baada ya mavuno walirudi na pombe, wakanywa pamoja, wakacheka. Dancille alipoona mtungi ule umeshikwa kwa mikono miwili, moyo wake ulifunguka. Alijiambia kwamba Waswidi nao kumbe wanajua adabu. Akamwita jirani yake Idd aje awe shahidi.

Idd alikuwa mtu wa Kigoma, mpakiaji kwenye ghala moja Jordbro, na kiwanja chake kilipakana na cha Dancille. Alikuja na kikombe chake cha chai, kwa kuwa yeye Mwislamu hanywi.

"Nimeona, mama Tania," alisema. "Amekuletea, na wewe umekunywa."

"Umeona alivyoleta? Kwa mikono miwili."

"Nimeona."

Wote watatu walipeana mikono. Jumatatu Anders-Magnus alifunga maksai kwenye plau.

Hakuanzia kwenye kona ya mtufaha. Alianzia langoni, akapasua matuta yote ya Dancille, na udongo wa juu akaukata mapandemapande pamoja na mizizi yake, akayapanga moja juu ya jingine kama matofali. Alieleza kwamba Nebraska hakuna miti, kwa hiyo nyumba hujengwa kwa udongo wa mbugani. Nyuma yake, ng'ambo ya ua, msitu wa misonobari ulikuwa umesimama kimya hadi ziwani. Ijumaa kuta zilikuwa zimefika kifuani. Jumapili kulikuwa na paa, na moshi unatoka.

Udongo ule Dancille alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa miaka minne, kwa maganda ya ndizi na majani makavu na samadi aliyoibeba kwenye mifuko ya madukani. Mwezi wa Juni maharagwe aliyokuwa ameyapanda yalichipua kwenye kuta za ile nyumba. Yalitambaa juu ya madirisha, yakatoa maua mekundu, na mwezi wa Agosti Brita-Lena alikuwa akinyoosha mkono dirishani na kuchuma mboga bila kutoka nje.

"Hii nyumba yenu mmeijenga kwa shamba langu," Dancille alimwambia Anders-Magnus.

"Nililipa," alisema Anders-Magnus. Hakuwa na hasira wala haya. "Ulikunywa mbele ya shahidi."

"Nilikunywa kwa sababu wewe ni mgeni wangu!"

"Mimi si mgeni," alisema, na alionekana kweli hakuelewa. "Nimefika."

Desemba mtoto mwenye kikohozi alifariki. Dancille alikuwa amempelekea mchuzi wa moto kila alipotoka kazini, hasira zake akiziacha nje ya mlango wa udongo, maana mtoto hana kosa. Walimzika pale palipokuwa na tuta la viazi. Brita-Lena alimshika Dancille mkono muda wote wa mazishi, akamwambia hatasahau wema wake. Tangu siku ile kila Dancille alipotaja kiwanja chake, Anders-Magnus alielekeza kidole kwenye msalaba mdogo wa mbao, na Dancille alinyamaza. Huko Rumonge yeye hakujua hata baba yake alizikwa wapi, kama alizikwa.

Mkutano mkuu wa chama ulikaa Machi 2004. Mwenyekiti alikuwa Torkel, mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa sweta za kufumwa kwa mkono na sauti ya upole. Alikuwa amefundisha historia ya Marekani miaka thelathini na zaidi katika shule ya sekondari bila kuwahi kuona mlowezi kwa macho yake, na sasa alikuwa na familia nzima ya walowezi pamoja na maksai, hatua chache kutoka kwenye kiwanja chake cha mawaridi. Furaha ilimzidi kimo. Aliwasimulia wanachama jinsi watu walivyosonga magharibi, mpaka ukisogea mbele yao mwaka hadi mwaka, na jinsi nyika ilivyomfinyanga mkulima maskini wa Ulaya akawa raia huru. Neno "huru" alilirudia mara mbili.

Dancille alisimama na kusema kwamba kiwanja ni chake na anakitaka. Idd akasimama akaeleza maana ya pombe ile, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswidi chake cha ghalani. Styrelsen ilimshukuru kwa mtazamo wa kuvutia. Kisha katibu alionyesha picha za kiwanja cha Dancille jinsi kilivyokuwa: mahindi, maharagwe yametambaa juu ya mahindi, na chini yake maboga yametandaa, vyote kwenye tuta moja. Alisema kwa masikitiko kwamba sheria ya chama inadai kiwanja kilimwe ipasavyo, la sivyo kinarudi kwa chama. Kwa macho ya kawaida, alisema, lile lilikuwa pori.

"Pori?" Dancille alimgeukia Tania, aliyekuja kumsaidia lugha. "Amesema pori? Mwambie lile pori lilitulisha hadi Novemba. Mwambie!"

"Mamma, de har redan röstat," alisema Tania kwa sauti ndogo. Kura zilikuwa zimeshapigwa: kiwanja kimepewa Anders-Magnus.

Manispaa ilisema hayo ni mambo ya ndani ya chama. Mei ubao ulisimamishwa mbele ya lango, umeandikwa kwa mkono wa Torkel mwenyewe, herufi za kijani. Ulisema kwamba hapa, kwenye ardhi tupu, watu wachache wenye mioyo mikubwa waliigeuza nyika kuwa bustani. Dancille aliusoma akiwa na jembe mkononi, maana alikuwa amekuja kuchukua vifaa vyake. Alisoma mara mbili. Alitamani kuung'oa na kuuvunja kwa goti, na sijui kwa nini hakufanya hivyo. Nadhani ni kwa sababu Uswidi ilikuwa imemfundisha kuogopa kuitwa mkali.

Alirudi kila wiki kusimama nje ya ua. Kutoka nje, kiwanja kilikuwa kile kile, mtoto angeweza kurusha mpira kutoka ua mmoja hadi wa pili. Lakini Anders-Magnus akishika plau asubuhi na kuelekea magharibi alipungua kidogo kidogo machoni hadi akawa nukta, na hakurudi mpaka jioni. Kila mwaka alirudi amechelewa zaidi. Nyasi zilikuwa zinafika hadi mwisho wa macho, na upepo uliotoka huko ulikuwa na harufu ya vumbi na wanyama. Kiwanja cha Idd, kilichokuwa upande ule ule wa magharibi, kilibaki mahali pake na vitunguu vyake. Idd alisema hajui inawezekanaje na hana mpango wa kuuliza, maana na yeye kiwanja chake anakipenda.

Vuli moja Dancille aliona watu kule kwenye nyasi. Wengi walikuwa wanawake. Walikuwa wamebeba mizigo migongoni na watoto juu ya mizigo, na walikuwa wanaondoka kuelekea kusini, askari wenye farasi wakiwafuata nyuma. Nyuma yao yalibaki mashamba ambayo Dancille aliyatambua mara moja, mahindi na maharagwe na maboga kwenye tuta moja. Mwanamke mmoja aligeuka, akamtazama Dancille kupitia nyasi zote zile, akainua mkono. Dancille naye akainua wake.

"Wale ni akina nani?" alimuuliza Anders-Magnus, aliyekuwa anarekebisha ua.

Anders-Magnus alitazama muda mrefu, kiganja juu ya macho. "Simwoni mtu," alisema.

Torkel si mtu mbaya. Ni jambo la kuudhi sana, lakini si mtu mbaya. Majira ya baridi alisoma vitabu, na vitabu vilikuwa vinabadilika. Mwaka 2008 aliung'oa ubao wa kwanza kwa mikono yake, akamwalika Dancille kahawa na mkate wa mdalasini kwenye nyumba ya chama.

"Tulikosea," alimwambia. "Sikujua. Vizazi vya wanahistoria kabla yangu viliandika kwamba ardhi ilikuwa tupu, na mimi nilifundisha hivyo hivyo. Haikuwa tupu. Wewe ulikuwepo."

Dancille alishusha kikombe. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitaandika ubao mpya," alisema Torkel.

Ubao wa pili ulikuwa mrefu zaidi na ulikuwa na picha. Ulisema kwamba hapa tamaduni mbili zilikutana, zikabadilishana mbegu na vinywaji, na kila upande ulijifunza kwa mwenzake. Ulieleza taabu za Brita-Lena, na jinsi kampuni za reli na benki zilivyowasukuma maskini kwenda magharibi, hata Anders-Magnus mwenyewe akaonekana kama mtu aliyeonewa. Penye habari za kaburi la mtoto watu walisimama wakafuta macho. Dancille hakuwa na ugomvi na machozi yale, naye alikuwa ameyamwaga. Alitaja tu kwamba yeye hakubadilishana kitu. Torkel alisema hilo ni jambo linalojadiliwa sana hivi sasa.

Mwaka uliofuata Dancille alikwenda Rumonge, mara ya kwanza tangu utoto. Penye shamba la baba yake palikuwa na michikichi mirefu iliyopangwa mistari, na mtu aliyemkuta alimpokea vizuri, akamtafutia kiti kizuri na Fanta. Alisema serikali ilimpa ardhi ile ikiwa tupu. Aliposema "tupu" Dancille alianza kucheka, akacheka hadi mwenyeji wake akaita mke wake alete maji. Aliporudi Stockholm, Tania alimuuliza safari ilikuwaje. "Nilikuwa Nebraska," alisema, akaingia kulala na viatu miguuni.

Filip alikuja mwaka 2012. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, kijana mrefu mwenye ndevu, anaandika tasnifu kuhusu kusonga magharibi na jinsi historia yake ilivyosimuliwa. Alikuja na kinasa sauti hadi jikoni kwa Dancille, akala ugali na mchicha wa lengalenga bila maringo, na aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Ile pombe ilikuwa na maana gani? Nani alipanda nini, wapi? Udongo wa zile kuta ulitoka tuta gani? Wale wanawake kwenye nyasi walikuwa wamevaa nini? Dancille aliongea hadi sauti ikakauka. Filip alimwambia kwamba wanawake wale walikuwa Wapawnee, wenyeji wa asili wa Nebraska, na kwamba wanahistoria wa sasa hawasemi tena mpaka ulisogea. Wanasema watu walivamiwa.

"Na wizi?" aliuliza Dancille. "Neno wizi wanalitumia?"

"Ndiyo," alisema Filip. "Mimi nalitumia."

Tania, ambaye sasa naye alikuwa amemaliza chuo, alimkumbatia mama yake mlangoni Filip alipoondoka. "Den här gången lyssnar de, mamma," alisema. Safari hii wanasikiliza.

Dancille aliamini. Alinunua koleo jipya. Alianza kukusanya maganda ya ndizi kwenye ndoo chini ya sinki, na kazini alimwambia msimamizi kwamba mwaka ujao ataomba likizo mwezi wa Mei. Idd alipomwona na lile koleo alikohoa kidogo.

"Mama Tania, usije ukajiumiza moyo."

"Wameandika wizi, kaka Idd. Mtu akishaandika kwa mkono wake kwamba ni wizi, atakaaje na kitu?"

Idd alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

Ubao wa tatu, safari hii kwa maneno ya Filip, ulizinduliwa Septemba, siku ya jua. Styrelsen yote ilikuwepo, na watu wa magazeti, na darasa zima la wanafunzi kutoka Hässelby. Dancille alivaa vitenge vyake vya kanisani. Walimpa shada la maua. Torkel, amezeeka, anategemea fimbo, alivuta kitambaa, kisha akausoma ubao kwa sauti iliyokatikakatika. Ulisema kila kitu. Ulisema kwamba ardhi hii haikuwa tupu wala haikuuzwa. Ulisema kwamba mwenyewe, Dancille, aliwapokea wageni wenye mtoto mgonjwa, akakubali kinywaji cha heshima kwa desturi ya kwao, na kinywaji hicho kikageuzwa kuwa bei. Ulisema nyumba hii imejengwa kwa udongo wake. Ulisema kwamba nyuma ya nyumba hii Wapawnee walifukuzwa kwenye mashamba yao, na kwamba chama hiki, kwa kura zake, kilibariki unyang'anyi. Neno wizi lilikuwemo, herufi nzito.

Watu walipiga makofi muda mrefu. Dancille hakukuta neno moja la kusahihisha.

"Asante," alimwambia Torkel. "Narudi lini?"

"Kurudi wapi?"

"Hapo ndani. Kwangu."

Torkel alimtazama Filip, na Filip alitazama viatu vyake. Kisha Torkel alimshika Dancille kiwiko, akamwelezea kwa upole ule ule. Ubao ni tafsiri ya historia. Umiliki ni jambo jingine, uliamuliwa na mkutano mkuu wa 2004, na mkutano haurudishi nyuma maamuzi yake, chama kingesambaratika. Lakini njia ipo. Dancille anaweza kujiandikisha kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote. Kwa sasa wa kwanza kwenye foleni ni mtoto wa kwanza wa Anders-Magnus, ambaye anataka kuoa.

"Historia si jiwe, Dancille," alisema. "Kila kizazi kinaiuliza swali lake jipya."

"Mimi swali langu ni lile lile tangu 2004," alisema Dancille. "Nimelisema kwa Kiswidi, mtoto wangu amelisema kwa Kiswidi kizuri kuliko changu. Mmebadilisha mbao tatu. Mngebadilisha lango moja! Mngelifungua tu!" Sauti yake ilikuwa imepanda, na wanafunzi wa Hässelby waligeuka. Safari hii hakuishusha. "Msinisomee mlivyoniibia kisha mniombe nipige makofi!"

Wakati huo lango lilifunguliwa, na Anders-Magnus akatoka. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alikuwa na udongo mikononi, maana alikuwa anatoka kazini huko magharibi. Alivua kofia, akausogelea ubao, akausoma kama wasomavyo watu waliojifunza kusoma kwa Biblia, kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea. Alisoma hadi mwisho. Alipofika kwenye neno lile zito alisimama, akalirudia.

"Ni kweli," alisema.

Aligeuka kwa Dancille, akampa mkono. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuwa anaigiza. Alisema kwamba kila kilichoandikwa pale ni kweli tupu, na kwamba yeye na Brita-Lena wamekuwa wakiyajua hayo siku zote bila kuwa na maneno ya kuyasema. Alimshukuru kijana aliyeyapata maneno. Akavaa kofia, akarudi ndani, akafunga lango, na komeo likasikika likiingia mahali pake.

Mtu alileta kahawa. Wa magazeti walijipanga kupiga picha za ubao, na Torkel, aliyekuwa na kamera yake mwenyewe shingoni, alimwomba Dancille asogee kidogo kushoto, kwa sababu alikuwa ameziba mstari wenye jina lake.

"Sisogei," alisema Dancille.

Torkel akazunguka, akapiga picha kutoka upande wa pili.